Nilivyomuokoa mbwa wangu Bobi na sumu ya kitunguu, baada ya kumpikia maini yaliyomzidishia

Kila ikifika mwezi wa 12 naona watu wanammwagia mbwa makombo ya pilau na roho inaniuma, kwa sababu hata mimi nilifanya hivyo miaka yote na nikajiona nampenda mbwa wangu.

Krismasi ile tulikuwa nyumbani Marangu, Kilimanjaro, ukoo mzima. Pilau la kilo kumi za mchele, vitunguu nilimenya mimi mwenyewe, ndoo ya lita kumi ilijaa. Wageni walipoondoka ukabaki ukoko na masalia ya chini ya sufuria, pale ambapo kitunguu chote kimegandia na mafuta, Bobi akala siku tatu asubuhi na jioni. Anafurahi, mkia unacheza, nikasema nawe ule sikukuu baba.

Siku ya nne akalala mgombani, geti linagongwa habweki. Nikamwita akaja anayumba kama ameshiba mbege, ile pombe ya ndizi. Jirani akaniambia amelishwa sumu, mpe maziwa. Nikampa, akatapika. Anko yeye ni mtu wa ng'ombe, kamwangalia mara moja tu akasema hiyo ni homa ya kupe, nunua ile dawa ya unga wa njano ya ng'ombe tumchome. Na dukani wanauza bila hata kukuuliza. Nilishatoa hela kwenye pochi, kilichonizuia ni kwamba hakuna aliyejua achomwe kiasi gani. Baadaye dokta akaniambia ile dawa ikizidi kidogo tu kwa mbwa inaharibu ubongo, nikakaa chini kwa kweli.

Sasa kosa langu kubwa ni hili. Shemeji aliona fizi zimepauka akasema huyu damu imeisha, mpikie maini. Nikaona ushauri wa maana huo. Nikanunua nusu kilo, nikakaanga vizuri na vitunguu viwili, nikatia na kitunguu saumu kwa sababu kuna mtu aliniambia kitunguu saumu kinafukuza kupe, nikayaponda ponda na ndizi nikamlisha kwa mkono tonge kwa tonge, maana alikuwa hawezi kuinamia sahani. Alikula kwa heshima yangu tu, aliniangalia huku anatafuna taratibu. Usiku ule akaanza kuhema haraka haraka kama ametoka mbio. Asubuhi nikamfunua mdomo, ufizi una rangi ya ndizi mbichi iliyomenywa, nikabonyeza kwa kidole rangi hairudi. Mbwa mzima ukibonyeza ufizi unakuwa mweupe halafu pinki inarudi kabla hujahesabu mbili, jifunze kwa mbwa wako akiwa mzima ili ujue yake ikoje.

Halafu nikaona alipokojoa kwenye ukuta, pamekuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nikajua nikienda kwa daktari na maneno matupu nitaambiwa kupe tena. Nikachukua upawa wa zamani nikaufunga kwa kamba ya katani kwenye mpini wa fagio, nikamfuata Bobi nyuma bustani nzima. Mara ya kwanza nilimgusa mguu akashtuka akakatisha. Mara ya pili nikamwaga. Mara ya tatu nikasubiri hadi ainue mguu kabisa ndipo nikausogeza kwa pembeni, nikapata kama vijiko vitatu, nikatia kwenye chupa safi. Hiyo chupa ndiyo iliyookoa mbwa wangu, nasema bila kusita.

Tukapanda bajaji hadi Moshi mjini. Daktari wa mifugo aliinua ile chupa dirishani, akatoa damu akaitazama kwenye hadubini muda mrefu, halafu akasema, "Mama, vijidudu vya homa ya kupe sijaona hapa. Hebu niambie wiki hii amekula nini." Nikaanza kutaja. Nilipofika kwenye maini akaweka kalamu chini. Seli nyekundu za damu zilikuwa na vinundu pembeni, kitunguu kinazichoma zinapasuka humo humo mwilini, rangi yake ndiyo inatoka kwenye mkojo. Seli nyekundu zilikuwa asilimia 21 tu ya damu yake, mbwa mzima anatakiwa walau 37. Akasema gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa zinatosha kuharibu damu, na Bobi ana kilo 18, yaani vitunguu vitatu vya wastani basi. Kupika hakuondoi sumu, kukausha hakuondoi, wala unga wake wa kwenye viungo, na kitunguu saumu ndiyo kikali zaidi. Na dalili zinakuja baada ya siku kadhaa, ukoko umeshasahaulika, ndiyo maana wote tunasingizia kupe au jirani.

Dawa ya kukitoa kitunguu hakuna. Alipewa dripu, akalazwa siku mbili, pesa ilienda kama laki na nusu hivi na nauli juu. Wiki mbili za kupumzika bila kukimbizwa na watoto, mkojo ukarudi rangi yake siku ya tano nadhani.

Niliuliza mengine yote siku ile ile. Zabibu kavu za kwenye pilau na ukwaju vinapiga figo. Chokoleti nyeusi ni mbaya kuliko ya maziwa. Bigijii zisizo na sukari, zile zenye xylitol, kitamu kinachowekwa badala ya sukari, sukari ya mwili inaweza kushuka ndani ya nusu saa. Machicha ya mbege usimwage anapofika, ni pombe ile. Gunzi la hindi halina sumu ila linaziba utumbo hadi apasuliwe. Na usimtapishe kwa maji ya chumvi, chumvi yenyewe inaua.

Siku hizi kabla sijaunga nyama natoa ya Bobi kwanza, ikiwa imechemka tupu, naiweka kwenye kisufuria chake cha bluu na ugali. Kitunguu kinaingia yake ikiwa imeshatoka jikoni. Makombo yanaenda kwenye ndoo yenye mfuniko, na juu ya mfuniko nimeweka jiwe. Pasaka shemeji alikuja na sahani ya mifupa ya mchuzi anaelekea uani, nikamfuata mbio nikaipokea mkononi mwake. Alinuna kidogo. Bobi alikuwa getini anabwekea bodaboda.