Vidonge ndani ya soksi

Nilikuwa nafua nguo za kaka yangu nikagusa kitu kigumu kwenye ncha ya soksi. Nikaigeuza. Vidonge 13 vya haloperidoli, dawa yake ya ugonjwa wa akili, vingine vimelowa mate vikakauka, vimeng'ang'ania nyuzi.

Tangu aanze kusikia sauti, mwaka wake wa pili chuoni, tuligawana zamu: mama humpa dawa asubuhi, mimi jioni, nasimama mpaka ameze. Kumbe vya jioni alikuwa akivibana chini ya ulimi. Sikumuuliza. Nilimkimbilia mama, naye akamkimbilia daktari, na mwenye soksi yupo chumba cha pili.

Kliniki nilivimwaga mezani kama ushahidi. Daktari akavisogeza kando, akamgeukia kaka.

"Zinakufanyaje?"

Kaka alikaa kimya muda mrefu. "Wiki ya kwanza shingo ilivutwa upande. Sasa ni miguu. Nikilala, inataka kutembea."

Yote hayo alishatuambia. Sisi tuliyatia kapu moja na zile sauti. Alipozunguka sebuleni usiku kucha, tulisema ugonjwa umepanda, tukamkazia macho zaidi. (Jirani naye alisisitiza kwamba skizofrenia, huo ugonjwa wa kaka, ni kuwa na nafsi mbili. Kaka alikuwa na moja tu, imechoka.)

Daktari alieleza kwamba dawa ile huzuia dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe, isifanye kazi kupita kiasi kwenye ubongo, ndiyo maana sauti hufifia; lakini dopamini hiyohiyo inahusika na mwendo wa mwili, ikizuiwa huko misuli hukakamaa na miguu hukosa utulivu. Akambadilishia, akampa olanzapini, akaonya kwamba hii huleta njaa na unene, hivyo apimwe uzito na sukari mara kwa mara. Sauti huenda zisiishe zote, alisema. Akamuuliza kama angependa sindano ya kila mwezi badala ya vidonge. Kaka akakataa, daktari akaandika, hakubishana. Mimi ndiye niliyetaka kubishana.

Jioni ile nilisimama mlangoni na glasi ya maji, kama kawaida.

"Kaa basi," kaka akasema. "Umesimama kama askari jela."

Nikakaa kitandani kwake. Akameza. Sikumwambia afungue mdomo, ingawa ulimi uliniwasha.