Siku moja maishani mwangu: kupandikiza meno

Saa 1:30 asubuhi. Kabla sijafungua mdomo wa mtu, nafungua picha ya taya lake. Ni eksirei ya pande tatu, naizungusha kwenye kompyuta hadi nimeona ninachotaka. Mgonjwa wa kwanza hana gego la kwanza la chini, kulia. Ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoenda kwenye mdomo na kidevu, na ncha ya skrubu nitakayoiweka ibebe jino jipya haitakiwi kuusogelea chini ya milimita 2. Ukiujeruhi, mtu anaweza kubaki na mdomo wenye ganzi kwa miezi, pengine maisha yake yote. Huyu ana milimita 13 kutoka ukingo wa mfupa hadi kwenye mshipa. Nachagua kipandikizi, yaani hiyo skrubu, chenye urefu wa milimita 10. Hizo 3 zinazobaki ndizo zinazonipa usingizi.

Saa 3:00. Mama anakaa kwenye kiti, ameshika mkoba kama anataka kuondoka nao wakati wowote. "Daktari, kweli utanitoboa mfupa nikiwa macho?" Namwambia ganzi ni ile ile aliyochomwa siku ya kung'olewa jino, na kwamba wengi huniambia kung'oa kuliwasumbua zaidi. Haamini. Sijawahi kukutana na aliyeamini kabla ya kumaliza.

Napasua ufizi kidogo, naukunjua, mfupa unaonekana. Naanza na keekee nyembamba ya milimita 2, kisha nene zaidi, hatua kwa hatua. Maji ya chumvi yanamwagika muda wote. Mfupa ukikaa kwenye joto la nyuzi 47 kwa dakika moja tu unaanza kufa, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Kwa hiyo nashusha, napandisha, nashusha tena, maji yafike chini. Ganda la juu ni gumu, mkono unalisikia; ukishalipita, keekee inalainika ghafla na hapo ndipo pa kujizuia. Kwenye mifereji ya keekee vinabaki vipande vya mfupa vyenye damu. Nikiviona vyekundu hivyo nafurahi: mfupa uko hai.

Kisha skrubu ya titani, polepole kabisa. Mashine inasoma nguvu ya kukazia: 20, 28, 35. Nasimama. Kuna raha fulani ya kuongeza kidogo, ionekane imeshika kweli kweli, lakini ukibana mno unaukosesha mfupa damu. Kifuniko, nyuzi, kipande cha shashi, uma hapo. "Tumemaliza?" anauliza kwa upande mmoja wa mdomo. Kutoboa kwenyewe hakukufika dakika kumi.

Saa 4:15. Swali linalofuata nalijua: jino langu napata lini? Kwa taya la chini, kama miezi 3. La juu mfupa wake ni laini zaidi, miezi 4 hadi 6. Hapo ndipo sura hubadilika, maana mtu alijiandaa kwa maumivu, hakujiandaa kwa subira. Huwa nasimulia habari za Per-Ingvar Brånemark, daktari Mswidi ambaye miaka ya 1950 aliweka vifaa vya titani ndani ya mifupa ya sungura ili kuchunguza mzunguko wa damu. Alipotaka kuvitoa, vilikuwa vimeshikana na mfupa. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno alimpandikiza mwaka 1965. Hatutumii gundi yoyote. Mfupa wenyewe unaota juu ya chuma, na hauharakishwi.

Ndiyo, wapo wanaotoka na jino siku hiyo hiyo. Matangazo hayasemi kwamba mara nyingi ni jino la muda, na si kila mfupa unafaa.

Saa 5:00. Mzee amekuja kushauriana. Namuuliza kuhusu sukari, sigara, na kama anatumia dawa za mifupa. "Nimeleta meno, wewe unauliza sigara." Naeleza: sigara inapunguza damu kwenye fizi, na sukari isiyodhibitiwa inachelewesha kidonda kupona. Namtuma akapime wastani wa sukari yake ya miezi mitatu iliyopita. Pia namwonyesha kwenye picha jinsi taya lilivyopungua tangu meno yang'oke, kwa sababu mfupa usio na mzizi wa kuushughulisha huliwa polepole. Daraja, yaani jino bandia linaloshikizwa kwenye meno ya jirani, au meno ya kuvaa na kuvua bado ni tiba halali, wala sioni aibu kumshauri mtu hivyo.

Saa 7:00. Chakula, nimesimama.

Saa 8:00. Kijana anavalishwa taji, yaani lile jino lenyewe linalokaa juu ya kipandikizi. Anauma karatasi ya bluu, nami nasugua kila palipoacha doa zito. Jino la asili limezungukwa na nyuzinyuzi zinazolegea kidogo likiumwa. Kipandikizi karibu hakisogei kabisa. Nikikiacha kiguse sawa na jirani zake, kitabeba mzigo peke yake, na taji litapasuka au skrubu ndogo inayolishikilia italegea. Kwa hiyo akiuma taratibu karatasi lazima ichomoke, akikaza ndipo ishikwe. Nasugua, anauma, nasugua tena. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote na hakuna mgonjwa anayeiona kama kazi.

Saa 10:00. Dada aliyewekewa zamani, fizi zinatoka damu. "Si ni chuma, daktari? Chuma kinaoza?" Chuma hakiozi, dada, ila mfupa unaokishika unaweza kuliwa na uchafu, tena kimya kimya, bila maumivu ya kukushtua. Nasafisha, namfundisha kupitisha kiburashi chembamba pembeni, namtaka arudi.

Saa 11:20. Nabandika stika za vipandikizi kwenye mafaili: kampuni, kipenyo, urefu, namba ya toleo. Siku moja daktari mwingine atahitaji bisibisi inayoingia humo. Simu inalia, ni fundi wa maabara. Mgonjwa wa wiki ijayo ameomba jino jeupe kuliko yote aliyo nayo, afanye nini? Namwambia afuate rangi ya meno ya jirani.

"Akilalamika?"

"Mlete kwangu."

"Basi andika hivyo kwenye fomu," anasema, "na usaini."