Tundu linaharibikia kwenye kupima, sio kwenye drili

Jamani hii ya flati ba (kile chuma bapa kirefu) imeniuma sana, acha niiandike labda itamsaidia mtu. Kazi yenyewe ilikuwa ya geti kule Mbagala, matundu manane, toka tundu mpaka tundu mili 75, na upande wa pili ulishachomelewa kwenye nguzo na matundu yake tayari, yani kuzibana mbili pamoja nitoboe mara moja ndo haikuwezekana. Basi nikapima la kwanza, toka hapo nikapima la pili, toka la pili nikapima la tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kufika site bolti za mwanzo zinaingia bila shida, ya tano inakwaruza, ya nane hata kuchungulia hamna. Nusu mili ukiikosea kila hatua, hatua saba ni mili tatu na nusu, na bolti ya 10 kwenye tundu la 11 huna pa kuificha.

Narudi kibandani kwangu mtaa wa Gerezani, mzee wa kibanda cha jirani akaigeuza ile flati ba akaniuliza, "Mwanangu, ulipimia wapi?" Nikamwelezea. Akasema, "Chagua ncha moja, usiihame."

Ndo nilivyorudia. Rula ya chuma imelala palepale, nasoma 25, 100, 175, 250 mpaka 550 bila kuinyanyua. Tepu niliiweka pembeni, ile ndoano yake ya mbele inacheza, na kama huna rula basi tumia hiyo tepu ila anzia kwenye 100 yake afu utoe hiyo 100.

Chuma nilikipaka chaki kwanza, mistari nikachora kwa skraiba, yani kile chuma chenye ncha kali cha kuchorea, maana kalamu mstari wake mnene, hujui katikati ni wapi. Afu kuna kitu nakipenda sana hapa: weka ncha ya senta panchi (chuma chenye ncha cha kugongea kishimo) kwenye mstari mmoja, iburuze taratibu, ikifika kwenye makutano na mstari mwingine utasikia kabisa mkononi imejikwaa. Hapo hapo gonga kidogo, angalia, ukiridhika ndo ugonge kwa nguvu.

Kabla ya kutoboa nikazungushia bikari duara la ukubwa wa tundu. Biti ya drili ikianza kuchimba kishimo unasimamisha, unatazama kama kimekaa katikati ya duara, kama kimehama unachonga mfereji kwa tindo upande unaotaka irudi, inarudi yenyewe, ila wahi kabla biti haijazama upana wake wote, ikishazama umechelewa.

Nilitanguliza biti ya mili 3, kwa sababu katikati ya ncha ya biti kubwa hapakati, panasaga tu, ndo maana inatangatanga. Ile kubwa nikaiendesha kama mizunguko 850 kwa dakika na mafuta kidogo, chuma kimebanwa kwenye jiliwa (vaisi), na glavu nikavua, biti ikiidaka glavu inaondoka na kidole.

Jumamosi nikarudi Mbagala. Bolti zote nane niliziingiza kwa vidole.