Joto la Kisumu halina adabu kwa klarineti

Bendi ya ala za kupuliza imepiga leo alasiri hapa Kisumu, kwenye kongamano la muziki la kimataifa. Wamepiga vizuri, ila kipande cha kwanza, mmh, noti zilipanda juu kuliko zinavyotakiwa.

Ni joto tu.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20, na 349 kwenye nyuzi 30. Hewa ndani ya ala ikipata joto hivyo, noti inaweza kupanda karibu theluthi ya nusu-toni. Vibao vya chuma vya kugonga navyo vinashuka kidogo. Ndiyo maana vilikuwa vinazozana na fluti!

Walivyorekebisha, hapo nimewavulia kofia.

Tuba ilishika noti ya B-flati, wengine wakaingia mmoja mmoja kuanzia ala za sauti ya chini. Wapiga klarineti wakavuta nje kiungo kifupi kilicho chini ya kipulizio, kama milimita 1, ili ala irefuke na noti zishuke. Ukivuta sana hapo, noti za koo (zile za katikati, zinazopigwa kwa vidole vichache) ndizo zinashuka kuliko zote. Afadhali kiungo cha kati nacho kivutwe kidogo.

Na yule wa tromboni aliyebana karatasi zake kwa vibanio vya nguo sababu ya feni? Mzoefu huyo.

Watu wa bendi za Jeshi la Wokovu, Kakamega na Vihiga, jua likiwaka nyinyi mnavuta kiasi gani?