Visu vyangu saba vya kukunja, na vumbi la Dodoma

Kisu cha kwanza nilikinunua mnadani Msalato, Jumamosi moja, kwa shilingi elfu tatu, na kilikuwa hakifunguki. Kilikuwa kimelala kwenye turubai katikati ya vitasa vibovu, nati na redio isiyo na kifuniko. Ni Okapi: mpini wa mti umekuwa mweusi kwa jasho la mikono, ubavuni vimepigiliwa vinyota na mwezi mdogo vya bati, na mgongoni kuna kile kipete cha kuvuta ili loki iachie.

"Shikamoo mzee. Hiki mbona hakifunguki?"

"Marahaba. Kingekuwa kinafunguka ungekikuta hapa?"

Sikuwa na jibu, nikalipa.

Nilikuwa na miezi michache tu Dodoma. Nilihamia kikazi kutoka Tanga, kama wengi waliofuata ofisi zao baada ya serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku. Mwisho wa wiki nilikuwa sina ndugu wa kumtembelea, kwa hiyo nikawa napanda vilima, navua samaki Hombolo, namsaidia rafiki yangu kwenye shamba lake la zabibu. Shughuli zote hizo zinataka kisu kidogo mfukoni. Cha jikoni kinatoboa begi, na panga ukatie embe?

Ile Okapi niliizamisha kwenye kopo la mafuta ya taa siku mbili, nikasugua bawaba kwa mswaki wa zamani. Ikafunguka, tra-tra-tra, ule mlio wa meno ya loki ambao watu wengi wa makamo wanaujua. Baadaye nilikuja kusoma kwamba visu hivi vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, na sisi tukiwemo, na kwamba miaka ya 1980 utengenezaji ulihamia Afrika Kusini.

Halafu nikaiharibu. Makali yalikuwa butu, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa kuchomelea anipitishie grenda. Cheche ziliruka vizuri, mimi nimesimama pale natabasamu. Kurudi nyumbani naona karibu na ncha chuma kimegeuka bluu kama petroli iliyomwagika kwenye maji. Rangi ile maana yake chuma kimefika nyuzi joto 300 hivi, na ugumu wake umepungua. Ukikinoa leo, ukakata vichala viwili vya zabibu, makali yamelala. Simlaumu fundi sana. Geti la chuma analijua, kisu nilimpelekea mimi.

Tangu hapo nanoa mwenyewe. Nilianza na kinoo cha dukani, chenye upande wa kukwaruza na upande laini, lakini kilichonifundisha ni msasa wa maji niliougundisha kwenye kipande cha kigae: namba 400, kisha 800, kisha 1000. Ubapa unauinamisha kidogo tu, nyuzi 20 hivi, na usibadilishe mkono katikati ya safari. Hapo ndipo nilipohangaika zaidi, maana mkono unapenda kunyanyuka ukifika nchani. Nilikuwa napaka makali wino wa maka peni, navuta mara tatu, naangalia wino umetoka wapi. Ukibaki ukingoni, hujagusa makali. Nikiwa porini natumia kitako cha kikombe cha udongo, ule mduara usiong'aa, halafu namalizia kwenye mkanda wa suruali. Kipimo changu ni nyanya iliyoiva: kisu kikiizamia bila kuikandamiza, inatosha.

Vingine vilikuja polepole. Rafiki anayepeleka wageni kuona michoro ya miambani kule Kolo, Kondoa, aliniletea Victorinox, kile kisu cha Uswisi chenye zana nyingi, ya milimita 91 aliyoachiwa na mgeni. Opinel namba 8 ya Kifaransa niliipata kwenye meza ya mitumba, muuzaji hajui ni nini. Sharti langu ni moja: kisu kisichofanya kazi nje hakikai. Nimewahi kuwa na kumi na moja. Vinne niligawa kwa kuwa vilikuwa vya kutazamwa tu.

Hapa Dodoma ni pazuri kwa chuma cha kaboni. Tanga ukikiacha wiki moja bila mafuta, unakikuta na kutu. Huku mvua ni Desemba hadi Aprili, miezi mingine hewa inapasua midomo. Adui ni vumbi, na mimi nililiongezea nguvu: nilipaka bawaba mafuta ya alizeti, si ndiyo tele mkoani kwetu? Mafuta yale yakikaa kwenye hewa yanakuwa gundi. Baada ya mwezi visu vitatu vilikuwa vimeshikana kama vimelambishwa asali na mchanga. Sasa bawaba naiwekea tone moja la mafuta ya cherehani, na alizeti naipaka kwenye mipini ya mti, ambako kukauka kwake ni faida.

Unyevu ulinikuta Hombolo. Opinel ilitumbukia majini, mti wa mpini ukavimba, ukaubana ubapa. Perege wanne mkononi, kisu hakitoki. Kumbe dawa yake hata Wafaransa wanaitumia: unagonga kitako cha mpini kwenye jiwe, ubapa unachomoza kidogo, unauvuta. Niligonga mara tatu. Ukitoka, usisahau kuzungusha pete ya loki, ama ubapa utakufungia kidole. Kovu ninalo.

Vyote saba vinakaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, watoto hawafiki, na siendi navyo mjini wala safarini kwa ndege.

Mwezi uliopita nilirudi Msalato. Mzee yupo, turubai ni lilelile. Akaniangalia kidogo.

"Kile kilifunguka?"

"Kilifunguka mzee."

"Basi niongeze elfu mbili yangu."

Nikampa.