Laweza neno jema kutoka Nazareti?
Somo la wiki: Yohana 1:43–51

Wapendwa katika Kristo, Nathanaeli alikuwa mtu wa Kana ya Galilaya (Yohana 21:2). Kutoka Kana hadi Nazareti ni mwendo wa saa chache kwa miguu. Damu yao moja, Torati yao moja, na wakubwa wa Yerusalemu waliwadharau Wagalilaya wote bila kuchagua kijiji (Yohana 7:52). Hata hivyo, Filipo alipomwambia habari za Yesu wa Nazareti, aliposikia Nazareti ikitajwa tu, tayari alikuwa na hukumu mdomoni: "Laweza neno jema kutoka Nazareti?" Na huyu ndiye ambaye Bwana alimshuhudia kwamba hamna hila ndani yake. Mtu mnyofu kabisa anaweza kubeba neno baya alilolisikia kwao, asijue kwamba amelibeba.

Sisi tunayo yetu: Mpare bahili, Mchaga mpenda hela, Mhaya mwenye majivuno. "Iko kwenye damu," tunasema. Damu haisemi hivyo. Mwaka 1972 mwanajenetiki Richard Lewontin alionyesha kwamba karibu 85% ya tofauti za kurithi kati ya wanadamu zimo ndani ya jamii moja, kati ya jirani na jirani.

Na ile hulka yenyewe ya kubagua, je? Hapo kuna cha asili, ila kidogo. Mtoto wa siku chache hachagui rangi ya uso. Akifika miezi 3 hutazama zaidi nyuso za rangi aliyoizoea. Lakini watoto wachanga wa wahamiaji wa Kiethiopia nchini Israeli, waliolelewa kati ya weusi na weupe, walipopimwa katika utafiti wa 2006 hawakuonyesha upendeleo huo. Tunazaliwa na uwezo wa kuzoea. Tumzoee nani, na tusiyemzoea tumwite nani, hayo tunafundishwa mezani, kwenye daladala na, inauma kusema, hata kwenye kikao cha posa.

Rwanda iliona njia hii inaishia wapi. Watu wa lugha moja na vilima vimoja waliandikwa na Wabelgiji kwenye vitambulisho, miaka ya 1930, kuwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilisomwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani afe, kama kwenye vivuko vya Yordani, ambako Mwefraimu aliuawa kwa kutamka Sibolethi badala ya Shibolethi (Waamuzi 12:6).

Neno baya juu ya kabila zima halifi kirahisi, kwa sababu lina mlango wa kutorokea: "Wewe si kama wenzako." Tunadhani tumesifu. Kumbe tumemtoa mmoja nje ya kundi, na kundi limebaki na jina lake baya. Ndiyo maana mtu anakaa na jirani mwema miaka 20, na bado anakataa binti yake asiolewe kwao.

Filipo hakubishana, alisema, "Njoo uone." Ila kuonana kuna namna yake. Ukimwona mtu akikufulia nguo tu, dhana yako inakomaa. Kinachosaidia ni hadhi sawa, lengo moja, kazi ya pamoja na viongozi wanaounga mkono. Basi katika jumuiya, kamati ya msiba ichanganywe, na zamu zizunguke: huyu asioshe masufuria kila mara na yule akashika fedha kila mara. Anayesema "wale wako hivyo" aulizwe kwa upole: nani, lini, alifanya nini? Mara nyingi atabaki na mtu mmoja wa zamani. Utani wa makabila uendelee, maana watani ndio wanaotutuliza msibani, lakini usiingie kwenye kuajiri wala kuoza.

Na wazazi, mtoto akiuliza kwa nini watu fulani wako hivi, msimjibu kwa jina la kabila. Mpelekeni akale na kucheza kwao, kwa familia mbili au tatu. Moja haitoshi, maana hiyo moja ataiita "ya tofauti".