Shimo la Ronneburg lilishafukiwa ila maji bado yanasafishwa

Jumamosi nilipanda treni hapa Jena, Ujerumani, nikabadilisha Gera nikashuka Ronneburg, na kiukweli kama hujaambiwa huwezi kujua kitu, ni majani tu, watu wanatembeza mbwa, watoto wako na baiskeli. Kumbe hapo ndo palikuwa na shimo la urani la Lichtenberg, kina mita kama 240. Kampuni ya Wismut ilichimba huku Ujerumani Mashariki tangu miaka ya 40 kwa ajili ya Wasovieti, mwisho wa 1990 uchimbaji ukasimama, serikali ya Ujerumani ikabaki na kazi ya kusafisha.

Nimeenda sababu ya mama mdogo. Yeye yuko Namtumbo, kusini mwa Tanzania, na mradi wa urani wa Mto Mkuju uko wilaya hiyohiyo, ule ambao mwaka 2012 UNESCO walikubali mpaka wa hifadhi ya wanyama ya Selous usogezwe kuupisha. Alinipigia WhatsApp akaniuliza, mwanangu we uko huko kwa wenzetu, hivi mgodi ukishafungwa si wanafunga geti wanaondoka?

Hawaondoki mama. Yaani kazi ngumu ndo inaanzia hapo.

Shida kubwa ni kile kifusi, yaani mawe yaliyotolewa ardhini wakati wa kuchimba urani. Mawe ya pale yana pairaiti, madini ya chuma na salfa, ikikutana na hewa na maji inatoa tindikali ya salfa, na hiyo tindikali ikishuka inayeyusha urani, nikeli na vyuma vingine inaenda navyo mpaka maji ya chini ya ardhi. Na urani ukiinywa, kabla hata ya kuongelea mionzi, inaharibu figo, ndo maana WHO wanashauri isizidi mikrogramu 30 kwa lita. Sasa walichofanya ni kurudisha kifusi shimoni, meta za ujazo zaidi ya milioni 100, tangu mwanzo wa miaka ya 90 mpaka 2008, magari makubwa yanamwaga tu, ila hawakumwaga ovyo! Mawe yenye tindikali kali waliyaweka chini kabisa, pale ambapo walijua maji yakipanda yatayafunika, maana yakiwa ndani ya maji hewa haiyafikii tena na tindikali inapungua, halafu yenye chokaa ya asili yakakaa juu. Hapo ndo nilipowavulia kofia, mpangilio tu wa nini kianze kumwagwa na nini kifuate unaokoa visima vya watu.

Pamoja na hayo yote maji yakawashika. Mgodi ukiwa hai pampu zinatoa maji usiku na mchana, ukizima pampu maji yanarudi polepole kwenye mahandaki na yanapita kila sehemu iliyochafuka. Ronneburg miaka michache baadae yalianza kutokea bondeni, kwa hiyo yanakusanywa yanapelekwa kwenye mtambo, yanatiwa chokaa, vyuma vinaganda vinakuwa tope, na tope nalo lazima litafutiwe pa kulizika. Mpaka leo mtambo unafanya kazi.

Königstein karibu na mto Elbe ndo iliniumiza roho zaidi, kule walikuwa wanapitisha tindikali ndani ya mwamba chini kwa chini ili urani iyeyuke, na juu ya mwamba huo kuna tabaka lingine la maji ambalo watu wanalitegemea. Mgodi umefungwa, tindikali imebaki kwenye mawe. Wakaanza kuujaza maji mwaka 2001 kidogokidogo huku wakiendelea kuvuta na kusafisha, wasithubutu kuyaacha yapande yenyewe. Gharama ya Wismut yote imeshapita yuro bilioni 6 na ni pesa ya walipa kodi, maana Wismut yenyewe sasa ni kampuni ya serikali.

Nilimweleza mama mdogo yote haya jana usiku, simu ilikata mara tatu. Nikamwambia kipimo cha maji kichukuliwe sasa hivi kabla mgodi haujaanza kazi kamili, kiandikwe, nakala ibaki kijijini, maana bila hicho mtu akija kukwambia maji yenu yalikuwa hivihivi tangu zamani utamjibu nini? Akanyamaza kidogo, akasema kisima cha shuleni kina miaka mingi na hajawahi kuona mtu amekuja kukipima, ataliuliza kwenye mkutano wa kijiji.